Mkono Juu Katikati ya Maji

Kampemba, Lubumbashi, Ijumaa baada ya shule

Feza mwanangu,

Siku ile mwalimu wa kuogelea alipokutoa majini ukiwa huna pumzi, nyumba nzima iliambiwa kwamba ulikuwa mkaidi. Si kweli. Mimi ndiye niliyekuambia umeze kikohozi na usisimame mpaka ufike ukuta wa ng'ambo. Sijawahi kumwambia mtu neno hili. Sikumwambia Kambo bibi yako, ambaye ni mama yangu mwenyewe, sikumwambia padre kwenye kitubio, sikuliandika hata katika daftari langu, na unajua kwamba mle huwa naandika mpaka majina ya mbwa wa jirani. Tunaolijua ni wawili tu, wewe na mimi. Ulikuwa na miaka minane, ukanitunzia siri ambayo mtoto hakupaswa kubebeshwa.

Treni yako ya kwenda Kalemie ni kesho asubuhi. Mambo ya safari nayapita. Kambo ameshakuambia usitoe kichwa dirishani, nani wa kumsalimu kwanza ukishuka, na mkate upi uliwe kwanza usije ukaota ukungu. Vidonge vyako unajua vilipo kuliko mimi. Mimi nina jambo moja tu, na kulifikia nitazunguka kidogo, maana ndivyo nilivyo. Nikitumwa kwa jirani kuomba chumvi, narudia sentensi njiani mara tano, na nikifika namkabidhi karatasi. Umeniona nikifanya hivyo. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Wewe unaniita Mama Mudogo, mimi nakuita mwanangu, na wenzangu wa mwaka wa tano wa sekondari wanapenda kunichokoza. "Ngoie, ulizaa ukiwa na miaka nane?" Huwa sijibu. Lakini siku uliyopewa kwangu naikumbuka vizuri, kwa sababu nilikuwa na miaka kumi na miwili na nilidhani ni mchezo wa wakubwa ambao ungeisha jioni. Mama yako, Yaya yangu, yaani dada yangu mkubwa, alikuwa amezikwa siku mbili kabla. Mashangazi walinikalisha mkekani katikati ya wanawake, wakanifunga kiunoni kitambaa chake cha maua ya zambarau, wakakuweka mapajani mwangu. Shangazi mkubwa akakushika kidevu, akasema: "Feza, mama yako njo huyu. Usitafute mwingine." Ulikuwa mzito kuliko nilivyotegemea. Nilisikia sauti nyembamba ikitoka kifuani mwako, nikadhani unalia polepole kwa adabu, nikakupapasa mgongo. Hukuwa unalia. Ilikuwa pumu.

Kwa hiyo kosa langu la kwanza nilikufanyia saa ileile: nilisikia kifua chako nikakielewa vibaya. Makosa yaliyofuata tuliyafanya wote kwa upendo. Kiangazi chetu cha baridi kilipofika na watu wa Kasungami wakaanza kuchoma majani mashambani, ulibanwa, na sisi tukakuvalisha sweta mbili, tukakukalisha karibu na mbabula yenye makaa mekundu, tukafunga mlango ili baridi isiingie. Ulikuwa unavuta moshi na sisi tunakuongezea makaa. Maji ya kukuogesha yalichemshwa. Kukimbia ulikatazwa. Watoto wa jirani walipocheza kamba, ulikaa kizingitini ukiwahesabia miruko. Ulikuwa hodari wa kuhesabu kabla hujaanza shule, kwa sababu hukuruhusiwa kufanya kingine.

Nilipata habari ya maji kwa njia ninayopatia habari zote. Katika maktaba ya masista kulikuwa na gazeti la zamani la Kifaransa, kurasa za mbele zimechanika. Ndani yake niliona picha ya watoto wamezamisha vidomo majini wakipuliza mapovu, na maneno kwamba mwenye pumu akijifunza kutoa pumzi polepole ndani ya maji, na kuogelea kidogo kidogo, kifua chake kinapata nguvu na yeye mwenyewe anapunguza hofu. Hayakusema kwamba ugonjwa unaisha. Yalisema kwamba mtoto anajifunza kuishi nao. Nilinakili ukurasa mzima kwa wino wa bluu. Ukurasa huo ndio ule uliokunjwa katika kitabu chako cha sala.

Sasa fungua ukurasa huo. Chini kabisa utaona sentensi moja kwa wino mwekundu. Nimeiongeza leo. Ilikuwa kwenye gazeti tangu mwanzo, na siku ile niliiruka kwa makusudi. Inasema mwenye kuwalinda watoto majini lazima aambiwe ni nani mwenye pumu. Niliiruka kwa sababu mwenye kulinda angekuwa mtu mzima nisiyemjua, na kumwambia kungekuwa kazi yangu.

Nilikwenda hata kwa daktari wa dispensari ulipopelekwa kuchomwa sindano. Nilimpa daftari langu badala ya kusema. Akasoma, akaniangalia juu ya miwani, akaniita mwananchi kama mtu mzima.

"Citoyenne, ulisoma hii fasi gani?"

"Mu gazeti, Docteur."

"Gazeti gani?"

"Haina jina. Ukurasa wa mbele ilipasuka."

Akacheka, lakini alinirudishia daftari kwa heshima, kwa mikono miwili. "Iko muzuri. Aende. Siku kifua inapiga filimbi, asiingie mu maji. Na mwenye kuchunga batoto ajue kama huyu iko na pumu. Unasikia, citoyenne? Ajue."

Niliitikia kwa kichwa. Yaani niliambiwa mara mbili, mara moja kwa maandishi na mara moja kwa mdomo.

Tulianza na beseni la kufulia, uani. Unakumbuka? Kambo alitoka jikoni na mwiko mkononi.

"Ngoie! Maji njo inaleta pumu! We unatafuta kuniulia mutoto?"

"Anapuliza tu, Mama. Haogelee."

"Apulize moto, inisaidie kupika!"

Na watoto wa jirani wakapanda juu ya ukuta. "Mumuone Feza! Anakunywa mu beseni sawa ngombe!" Ukainua uso, maji yakikutiririka kidevuni, ukawaambia: "Sikunywe, napuliza. Kuya basi, tuone kama utafika kumi." Aliyekuja wa kwanza alifika sita akapaliwa. Wewe ulifika kumi na moja. Tangu siku hiyo Kambo hakulitaka beseni lake tena, lakini alikuwa akichungulia dirishani, na midomo yake ilikuwa ikihesabu.

Kisha likaja bwawa la mapadre. Siku za Jumamosi walilifungua kwa watoto wa shule zote, na Maître Kalala, mwenye filimbi shingoni na kandambili za bluu, aliwafundisha. Langoni kulikuwa na kibao: mtoto anayekohoa haingii. Watu waliogopa kifua kikuu, na kwa masikio ya mpita njia kikohozi ni kikohozi. Nilisimama mbele ya kibao kile nikiwa nimekushika mkono. Sentensi ilikuwa tayari mdomoni: huyu ana pumu, haiambukizi, daktari ameruhusu. Maneno sita. Maître Kalala akauliza, "Huyu iko muzima?" Nikasema, "Ndiyo, Maître."

Miezi ile ilikuwa mizuri, Feza, na sitaki uifikirie kwa huzuni. Ulijifunza kulala juu ya maji, kisha kupiga miguu, kisha kuvuta pumzi pembeni na kuitoa chini. Ulianza kwenda shule bila kupumzika kwenye jiwe la njia panda. Sindano zikapungua. Kila Jumamosi nilikaa kwenye benchi na kitabu nisichokisoma, nikihesabu pumzi zako. Nilijivuna. Nilikuwa nimeliona jambo ambalo wakubwa hawakuliona, na nilidhani kwamba mwenye kuliona jambo hahitaji kuzungumza na mtu.

Halafu Maître akatangaza kwamba siku ya sikukuu ya Chama wageni watakuja kutazama, na atakayeweza kuvuka bwawa lote bila kusimama ndiye atakayeogelea mbele yao. Jumamosi ya kuchagua ilikuwa pia asubuhi ya salongo, kama Jumamosi zote. Unajua hakuna kaya inayokwepa kazi hiyo: mtaa mzima ulitoka na mafagio na makoleo, vumbi likapanda mpaka madirishani, na mzee wa kona akachoma rundo la majani. Ulifagia pamoja na wengine. Njiani kuelekea bwawani nilisikia filimbi kifuani mwako. Safari hii sikuielewa vibaya. Niliijua kabisa.

Ningekurudisha nyumbani. Ningemwambia Maître. Badala yake nilichuchumaa nyuma ya ukuta wa lango, nikakuvalisha kofia ya kuogelea, na nikakuambia maneno haya, nayaandika yalivyokuwa: "Meza kikohozi. Wakisikia watakutoa. Usisimame katikati. Funga mudomo mpaka ng'ambo."

Ukasema: "Na kama pumzi inaisha, Mama Mudogo?"

Nikasema: "Haitaisha."

Uliingia. Ulifika nusu ya bwawa, ukaacha kupiga miguu. Hukupiga kelele, hukutapatapa. Ulishuka chini taratibu tu, kama mtu anayetii. Kelele ilikuwa yangu, lakini haikutoka; nilisimama, kitabu kikaanguka, mdomo wazi, bila sauti. Maître Kalala alikuona mwenyewe. Aliruka na kandambili zake. Alipokutoa, midomo yako ilikuwa rangi ya majivu, na kifua kilikuwa kinapanda bila kushuka. Alikukalisha, akakuinamisha mbele, akakuambia utoe pumzi, utoe, utoe. Ulipuliza, kama kwenye beseni. Nilikupa kidonge. Ikachukua muda mrefu, halafu ikaja pumzi moja yenye sauti ya kawaida.

"Juu ya nini haukusimama?" Maître alikufokea kwa hofu. "Juu ya nini haukuita? Una kichwa nguvu sana!"

Ukaniangalia. Nilikuwa na taulo mkononi. Ulinipa nafasi, Feza. Ulinisubiri hasa. Nikaangalia chini, kwenye kandambili moja ya bluu iliyokuwa ikielea peke yake, na nikanyamaza. Wewe pia ukanyamaza.

Tangu siku hiyo hadithi ya nyumba yetu ni hiyo: Feza ana kichwa nguvu, nusura ajizamishe kwa kutaka sifa. Kambo anaisimulia kwa kila mgeni, anacheka, anakupiga kisogoni kwa upendo. Nawe unacheka naye. Kila ukicheka, mimi naondoka kwenda kuchota maji.

Nilirekebisha nusu. Wiki tatu baadaye nilikwenda peke yangu bwawani, nikiwa nimeandika sentensi yangu kwenye kiganja, na jasho likaifuta kabla sijafika. Ikabidi niseme kwa mdomo. "Maître, Feza iko na pumu."

Alikuwa anafunga lango. Akageuka. "Tangu lini?"

"Tangu anazaliwa."

"Sasa unaficha juu ya nini? Kile kibao ni cha bantu ba kifua kikuu. Ningejua, ningemuweka kando ya ukuta. Miye sifukuzake mutoto juu ya pumzi yake." Akanitazama sana. Nadhani alitaka kuuliza zaidi. Kama angeuliza, labda ningesema yote. Hakuuliza, nami nikashukuru, na shukrani ile ndiyo aibu yangu kubwa kuliko zote.

Ndipo ulipojifunza mkono. Kando ya ukuta, pumzi ikipungua, mkono mmoja juu umenyooka, kiganja wazi, mwingine kifuani. Sheria ya Maître ilikuwa kwamba mwenye kuinua mkono hachekwi na haulizwi chochote mpaka atakapokuwa tayari. Mara ya kwanza uliinua ukiwa na haya, kwenye usawa wa sikio tu. Akapiga filimbi: "Juu! Mi siyo popo, sione gizani!" Kufikia mwisho wa mwaka ulivuka bwawa ukisimama mara tatu ukutani, ukapigiwa makofi na wale waliovuka bila kusimama. Siku hiyo nilielewa jambo ambalo gazeti halikuliandika. Nilidhani nakufundisha kuogelea, na kumbe jambo gumu lilikuwa kumwambia mtu mwingine kwamba pumzi yako inaisha. Mimi sikujua kulifanya, kwa hiyo nilikufundisha kinyume chake.

Nakuandikia haya kwa sababu ya jana. Baba yako amekuja kukuchukua, na nimefurahi, hata kama haionekani. Ana nyumba sasa, reli imempa kazi ya kudumu, na ziwa liko karibu, umeshaniuliza mara ngapi kama maji yake yana chumvi. (Hayana.) Jana mezani ulimuuliza kama utaogelea kule. Naye akajibu bila hasira: "Mutoto wa kichwa nguvu na ziwa, hapana. Kambo yako ameniambia yote. Mu maji hautaingia." Kambo akatikisa kichwa kukubali. Leo asubuhi nimekuta nguo yako ya njano ya kuogelea imetolewa kwenye mzigo, imewekwa ndani ya kapu nyuma ya mlango.

Jana pale mezani uliniangalia kama siku ile ya taulo, ukarudi kula bukari yako.

Nimekaa na barua hii tangu niliporudi kutoka shuleni. Nilikuwa nimepanga uisome kwenye treni, ukifika umpe baba yako, basi ajue. Nimeisoma tena mpaka hapa na nimeona ninachofanya. Ni karatasi ya chumvi. Nakutuma wewe, mwenye miaka tisa, ukaseme kwa ajili yangu, mbali, mahali ambapo sitaona uso wa mtu. Na kama ungeisahau kwenye treni, ungekaa kando ya ziwa miaka yote ukitazama wengine na kuwahesabia.

Naweka kalamu chini. Nitaendelea nikirudi.

Nimerudi. Nakuandikia ilivyokuwa, kwa sababu ulikuwa umetumwa kuwaaga majirani na hukusikia.

Baba yako na Kambo walikuwa uani wanabambua karanga za safari. Nilisimama mbele yao. Nikasema, "Papa Feza, iko neno nataka kusema."

Kambo akapiga makofi. "Ngoie anataka kusema! Mulete kiti, leo mvua itanyesha!"

Nikasema: "Feza haiko na kichwa nguvu. Siku ile alikuwa na pumu tangu asubuhi, na mi nilisikia. Mi njo nilimwambia ameze kikohozi, asisimame. Alinitii. Mulimwita mukaidi, na mi nikanyamaza."

Mikono ya Kambo ilisimama ndani ya ungo. "Mwaka muzima?"

"Mwaka muzima, Mama."

"Na mi nikasimulia kila muntu." Aliinuka, akakung'uta maganda kwenye kitenge, akaingia jikoni bila kuniangalia.

Baba yako alizungusha karanga moja kati ya vidole. Nilitaka kukimbia. Sikukimbia. Mwishowe akasema, "Ziwa haina ukuta, Ngoie."

"Najua. Njo maana nakuambia weye. Kule ukuta ni weye."

Akafikiri. "Na pumzi ikikatika, anafanya namna gani?"

Nikamwonyesha: mmoja juu, mwingine kifuani. Akaweka karanga chini, akainua wake. "Hivi?"

"Juu zaidi. Mu maji mukono wa chini hauonekane."

Akaunyoosha mpaka mwisho, mtu mzima, mfanyakazi wa reli, katikati ya uwanja wetu, kuku wakimtazama. Hakuahidi mengi. Alisema: "Mara ya kwanza nitaingia naye mi mwenyewe, fasi maji inafika mu kiuno. Kisha nitaona." Nilimwambia pia kuhusu siku za filimbi kifuani, na sentensi ya wino mwekundu. Aliniambia niirudie, akaisema tena baada yangu kama anayejifunza sala.

Nimetoa nguo ya njano kwenye kapu, nimeiweka juu kabisa ya mzigo wako, na barua hii itakaa chini yake. Kisha nimekwenda jikoni. Kambo alikuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Alinipa mchi, akashika kinu kwa mikono miwili kisitikisike, nami nikatwanga.

Mama yako mudogo,
Ngoie